Fedha ya Marehemu na Masharti Yake

Toleo lililopita niligusia kwa mistari minne tu kikundi cha maigizo kilichopata ruzuku ya wakfu wa familia, nikadhani nimemaliza. Barua zilizofuata zimejaza kapu. Nimechagua 6, nazo nimezifupisha, maana wengine mmeniandikia kama mnavyowaandikia wafadhili: kurasa tatu za salamu kabla ya kufika kwenye shida.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: nilikaa miaka 11 upande wa pili wa meza, nikiwa afisa ruzuku wa wakfu wa familia moja ambayo sitaitaja. Kabla ya hapo nilikuwa mweka hazina wa kwaya, na maombi yetu yalikataliwa mara tatu. Barua ya kukataliwa basi naijua vizuri, nimeipokea na nimeiandika.

Tajiri anaishiwaje?

*Shikamoo mama. Naongoza kikundi cha maigizo. Tuliomba ruzuku kwenye wakfu wa familia unaosifika kuwa na mabilioni, tukajibiwa kwamba fedha za mwaka zimekwisha. Tajiri anaishiwaje? Au ndiyo namna ya kutufukuza kwa adabu? (Kiongozi wa Kikundi)*

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na mara nyingi ni kweli.

Mtu akisikia "wakfu wa mabilioni" huona sanduku lililojaa noti na bwana mmoja ameketi juu yake. Sivyo ilivyo. Mwanzilishi alipoandikisha wakfu alitoa mali, aghalabu hisa za kampuni yake, akaikabidhi kwa wadhamini, yaani watu wa kuisimamia, kwa kusudi lililoandikwa. Tangu siku hiyo mali ile si yake, wala si ya wanawe, hata kama wanawe ndio wanaokaa kwenye bodi. Wadhamini huiwekeza, na kinachogawiwa ni mazao. Marekani ilitungwa sheria mwaka 1969 ya kuzilazimisha wakfu binafsi zitoe, na leo kiwango chake ni takriban asilimia 5 ya thamani ya uwekezaji kila mwaka. Piga hesabu: katika kila milioni 100, zinazotoka ni kama milioni 5. Humo humo wanaruhusiwa kuhesabu gharama halali za kuendesha kazi ya ruzuku, mishahara ya watu kama mimi ikiwemo. Na zinazobaki zina wenyewe tayari, kwa sababu ruzuku nyingi za maana ni za miaka 2 au 3, na ahadi ya mwaka juzi hulipwa mwaka huu. Ofisini kwetu upo mwaka tulioufungua huku nusu yake imekwisha kuliwa na ahadi za nyuma. Aliyeleta ombi mwezi wa tisa alikuwa anagombea makombo, na hakuna aliyemwambia.

Tena mazao yenyewe hayatulii. Uingereza kuna Wakfu wa Garfield Weston, ulioanzishwa mwaka 1958, na wadhamini wake ni wazao wa mwanzilishi. Wakfu huo unamiliki sehemu kubwa ya kampuni iitwayo Wittington Investments, ambayo nayo ndiyo mwenye hisa mkuu wa Associated British Foods, wenye maduka ya nguo ya Primark. Kwa hiyo makumbusho ya mji mdogo ikiezekwa upya kwa fedha za Weston, kuna uzi mrefu unaotoka kwenye paa lile mpaka kwenye soksi na fulana za dukani. Biashara ikiyumba, uzi unatikisika. Wapo waliouachia uzi wao. Wakfu wa Esmée Fairbairn ulianzishwa mwaka 1961 na Ian Fairbairn kwa kumkumbuka mkewe, aliyeuawa katika shambulio la ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mali yake ilikuwa hisa za M&G, kampuni ya uwekezaji aliyoikuza Fairbairn mwenyewe. M&G iliponunuliwa na Prudential mwaka 1999, wakfu uliuza hisa zile, na fedha zake zikatawanywa kwenye uwekezaji mwingine wa aina mbalimbali.

Sasa hilo la kufukuzwa kwa adabu. Lazima nikiri kwamba sentensi ile ya "fedha zimekwisha" nimewahi kuitumia huku nikimaanisha "sikulielewa ombi lenu na nimechoka." Ulikuwa uvivu. Dawa yake ni swali moja, liandikwe kwa mistari miwili: "Tukileta ombi hili hili mwanzoni mwa mwaka wenu wa fedha, je, ni jambo mnalolifadhili?" Afisa mwaminifu akijibu ndiyo, muulize tarehe. Akianza kuzunguka mbuyu, tafuta mlango mwingine wala usimnunie.

Sisi wa mikoani tunaombea nini?

*Mama, mimi huchora picha kubwa za ukutani pamoja na vijana. Orodha za waliopewa ruzuku zimejaa vikundi vya jiji kuu. Wa mikoani tunapoteza karatasi bure? (Mchoraji wa Kuta)*

Malalamiko yako ni ya haki, ila kabla ya kulalamika uliza hati ya wakfu inasemaje. Hati ndiyo sauti ya marehemu. Inaweza kusema "sanaa, popote nchini," au "elimu ya watoto wa mkoa fulani tu." Wadhamini hawana ruhusa ya kuipuuza, hata wakipenda kazi yako kwa moyo wote. Nimewahi kuona bodi nzima ikishangilia mradi wa muziki kwa dakika 20, kisha mwanasheria akasoma kifungu kimoja na mradi ukafa palepale mezani.

Habari njema kwako ni kwamba waanzilishi wengi walitajirika mahali fulani na wakapakumbuka. Wakfu wa McKnight ni wa jimbo la Minnesota, Marekani. Uliundwa mwaka 1953 na William McKnight na mkewe Maude. William aliingia kampuni ya 3M mwaka 1907 akiwa msaidizi wa mtunza hesabu, akaishia kuwa mkuu wake. Hadi leo msanii wa Minnesota ana mlango pale ambao msanii wa New York hana. Wakfu wenyewe haumchagui kila msanii kutoka ofisini kwake, bali fedha za kuwatunuku wasanii hupitia mashirika washirika, kila moja na fani yake, na mashirika hayo ndiyo huunda majopo ya kuchagua. Njia hiyo ya kupitisha fedha kwa wa karibu inazidi kuenea. Surdna, wakfu wa ukoo wa John Andrus uliozaliwa mwaka 1917, nao hupitisha fedha zake za sanaa kwa mashirika ya maeneo yanayogawa upya. (Lisome jina Surdna kinyumenyume. Mzee hakutaka kujitangaza, ila hakutaka kujificha sana pia.)

Kwa hiyo, mchoraji wangu, usiishie kwenye jina kubwa. Soma taarifa ya mwaka ya wakfu, tafuta jina la shirika lililopewa fedha nyingi kuliko lingeweza kuzitumia peke yake. Hilo ndilo bomba. Mlango wako uko kwenye bomba.

Halafu kuna sababu ambayo hakuna hati inayoitaja. Wadhamini huishi jijini, huenda kutazama maonyesho jijini, na vikundi vya jijini vinaweza kumlipa mtu wa kuandika maombi ya ruzuku. Siwezi kukufutia hilo kwa maneno matamu. Naweza kukusimulia safari moja tu.

Tulipokea andiko la kurasa 40 kutoka kikundi cha vikaragosi, mbali sana na ofisi. Lilikuwa limejaa "kujenga uwezo" na "kuimarisha mifumo," na nililiweka kwenye rundo la kukataliwa. Mmoja wa wadhamini, mjukuu mkubwa wa mwanzilishi, alikuwa na safari ya upande ule akasema twende tukawaone. Ukumbi ulikuwa wa bati lisilo na dari. Katikati ya onyesho mvua ikashuka, na mwenye kuwahi kukaa chini ya bati anajua: husikii hata kikohozi chako. Vikaragosi havikusimama. Wale watu waliacha maneno wakaendeleza kisa kizima kwa mikono tu, na watoto wakacheka pale pale palipopaswa kuchekwa. Baadaye tukaambiwa hivyo ndivyo hufanya kila msimu wa mvua, wana hata michezo waliyoitunga makusudi kwa ajili ya kelele ile.

Ndani ya gari yule mdhamini aliniuliza: "Hili mbona hawakuliandika?" Hawakuliandika kwa sababu walidhani sisi tunataka kusoma "kuimarisha mifumo." Na walidhani sawasawa, maana ndivyo fomu yetu ilivyowafundisha. Ruzuku waliipata, lakini haikuwa ya kujenga uwezo. Ilikuwa ya kujenga dari. Mwaka uliofuata nikapigania fomu ifupishwe, tukaweka swali moja jipya: "Tukija kuwatembelea siku ya kawaida, tutakuta nini?" Majibu ya swali hilo ndiyo niliyokuwa nikiyasoma kwanza mpaka nilipostaafu.

Rangi wanalipia, mshahara hapana

*Ndugu mhariri, mimi ni mweka hazina wa kituo cha sanaa cha vijana. Wafadhili wanakubali kununua rangi, brashi na ngoma, lakini nikiweka kodi ya pango, umeme na posho yangu wanafuta. Tuvifiche kwenye vifungu vingine? (Mweka Hazina)*

Msivifiche. Hesabu iliyofichwa huonekana kwenye ukaguzi, na wakati huo hutakuwa na mtu wa kukutetea. Mhasibu wetu alikuwa na kipaji cha kunusa "vifaa mbalimbali" kama paka anavyonusa samaki.

Lakini kiini cha swali lako ni uchungu ninaoujua, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi. Kwaya moja ilituletea bajeti safi: ala za muziki, mwalimu, na mshahara mdogo wa mtunza ukumbi. Nikakata mstari wa mtunza ukumbi. Nilijiona ninalinda fedha ya marehemu. Baada ya miezi 8 nikaenda kuwatembelea, nikakuta ala mpya zinang'aa chumbani na mlango umefungwa. Aliyekuwa akishika funguo alikwenda kutafuta kibarua, na waliobaki waliogopa kuacha chumba wazi. Tulinunua muziki tukasahau mlango.

Fanya hivi. Chukua gharama za mwaka mzima za kuwapo kwenu: pango, umeme, bima, mhasibu, wewe. Kisha pima kila mradi unakula sehemu gani. Kama mafunzo ya uchoraji yanatumia ukumbi siku 2 kati ya 5 za kazi, asilimia 40 ya pango ni gharama ya mradi huo, sawasawa na rangi. Iandike hivyo, kwa jina lake, na mstari mmoja wa maelezo ya jinsi ulivyoipata. Afisa hawezi kuiita "gharama za ofisi" wakati umemwonyesha watoto wanakaa ndani ya ukumbi huo. Wengine watakata hata hivyo. Hapo mnaamua kama mradi bila ukumbi bado ni mradi, na kusema hapana kwa mfadhili si dhambi. Nimeambiwa hapana mara 2 katika miaka 11, na vikundi vyote viwili niliviheshimu zaidi baadaye.

Wapo pia wanaotoa fedha isiyo na lebo, yaani mnaitumia mnavyoona inafaa ili mradi mbaki kwenye kusudi lenu. Wakfu wa Esmée Fairbairn niliyoutaja hutoa ruzuku za namna hiyo. Wakfu wa Paul Hamlyn, wa mchapishaji vitabu wa Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1987, umekuwa ukitunuku wasanii tangu 1994 kwa fedha ya miaka kadhaa isiyodai kazi fulani ikamilike. Hamlyn mwenyewe alikuwa na wazo lililonyooka kuhusu nani akae kwenye kiti: kuanzia mwaka 1986 alilipia maonyesho katika Nyumba ya Opera ya Kifalme, London, ili waingie kwa bei nafuu watu ambao hawajawahi kukanyaga pale. Alielewa kwamba kiti kitupu nacho kina gharama na mtu lazima ailipe. Tafuta wafadhili wa aina hiyo, lakini ujue wanakuchunguza zaidi kabla ya kutoa, kwa sababu baada ya kutoa hawakubani. Watataka kuona hesabu za miaka iliyopita, bodi inakutana lini, na kiongozi akiugua nani anashika nafasi. Vitabu vyako viwe wazi kabla ya kubisha hodi.

Wanataka na sisi tuchangie

*Mama yangu, wakfu umekubali kutusaidia kujenga maktaba ndogo ya jamii yenye jukwaa la hadithi, ila kwa sharti kwamba jamii ichange sehemu yake. Tungekuwa na fedha tungewaomba? (Mwenyekiti wa Kamati)*

Mwenyekiti, sharti hilo lina historia ndefu, yenye utukufu na yenye dhuluma ndani yake, na ni vizuri ujue zote mbili kabla ya kutia sahihi.

Mwaka 1912 Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck ya Marekani, alimpa Booker T. Washington wa chuo cha Tuskegee fedha, na sehemu yake ikajenga shule 6 ndogo za watoto Weusi huko Alabama. Kazi ikakua. Mwaka 1917 Rosenwald akaunda mfuko wake, na hadi mwaka 1932 yalikuwa yamejengwa majengo zaidi ya 5,000 katika majimbo 15 ya kusini, shule pamoja na nyumba za walimu na karakana. Sharti lilikuwa hilo hilo lenu: serikali ya mahali iweke fungu lake na jamii ichange. Watu walileta fedha, ardhi, mbao na nguvu za mikono. Hesabu ilipofungwa, jamii za Weusi walikuwa wamechanga zaidi ya dola milioni 4.7, na mfuko wa Rosenwald takriban milioni 4.4. Tazama vizuri hapo. Maskini walimpita tajiri ambaye shule zinaitwa kwa jina lake.

Na watu wale wale walikuwa wakilipa kodi kama raia wengine, kodi iliyojenga shule nzuri za watoto wa Kizungu. Walichanga mara mbili kwa haki moja. Mtu akikwambia mchango wa jamii "hujenga umiliki," kubali, maana ni kweli shule zile zilipendwa na kulindwa na waliozijenga. Lakini muulize pia: na yule mwenye wajibu wa kwanza, anachangia nini? Kwenu ni halmashauri au nani? Aliweke jina lake kwenye karatasi ile ile.

Nimpe Rosenwald haki yake. Hakutaka wakfu wa milele. Aliagiza mfuko uishe ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alikufa mwaka 1932 na mfuko ukafungwa mwaka 1948. Na haukujenga shule tu. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ulitoa fedha za masomo na kazi kwa wasanii na waandishi, miongoni mwao mwimbaji Marian Anderson, mwandishi Langston Hughes na mchoraji Jacob Lawrence. Bodi zinazotafuna asilimia 5 kwa uangalifu karne nzima huwa hazipendi kukumbushwa habari hiyo. Mimi nilikuwa nikiwakumbusha kila mkutano wa mwisho wa mwaka, na nadhani ndiyo sababu hotuba ya kuniaga ilikuwa fupi.

Kuhusu hali yenu: mchango si lazima uwe noti. Waandikieni wafadhili mapema mkiuliza kama wanapokea mchango wa nguvu kazi na vitu. Wengi hupokea. Fungueni daftari leo, si siku ya ripoti. Fundi aliyekuja Jumamosi saa 4, liandikwe jina lake, saa alizofanya kazi, na ujira ambao angelipwa kwa kazi hiyo, kisha atie sahihi. Tofali zilizotolewa, ardhi iliyotolewa, lori lililoazimwa, vyote viwe na tarehe. Nimeona kamati zikishindwa sharti la mchango ilhali zimechanga kuliko zilivyoombwa, kwa kuwa tu hakuna aliyeandika.

Jengo tumepata, kesho je?

*Mama, wakfu wa familia utatujengea ukumbi. Je, tukubali haraka kabla hawajabadili nia? (Katibu)*

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, kwa mfuko wake mwenyewe na baadaye kwa shirika aliloliacha, aligharimia maktaba 2,509 duniani kati ya mwaka 1883 na 1929. Mji uliotaka jengo ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kila mwaka asilimia 10 ya thamani ya ruzuku kwa vitabu, mishahara na matunzo. Ipo miji iliyopiga hesabu ikakataa, na sidhani kama ilikosea. Nanyi chukueni asilimia 10 hiyo kama kipimo. Andikeni kwenye karatasi nani atailipa mwaka wa 1, wa 2 na wa 5. Kama mstari wa mwaka wa 5 hauna jina, rudini kwa mfadhili mkaombe ukumbi mdogo zaidi, na tofauti yake iwe fedha ya matunzo. Mfadhili mzuri hatakasirika.

Mjukuu namfahamu

*Dada, mjukuu wa mwanzilishi nilisoma naye. Nimpigie simu? (Msimamizi wa Tamasha)*

Mpigie umwambie mnaomba, basi. Usimwombe akutetee, kwa sababu akiwa mdhamini makini atalazimika kutamka bodini kwamba mnajuana na kutoka chumbani ombi lenu likijadiliwa, na utakuwa umempoteza shabiki mmoja mezani. Wala usimpe tiketi za bure za meza kuu kwa sababu wakfu umelipa. Marekani sheria ya kuzuia wadhamini kujinufaisha ni kali kiasi kwamba hata tiketi ya karamu iliyolipwa na wakfu, akiitumia mwanafamilia kwa starehe yake, inaweza kuleta kesi ya kodi. Kwingine sheria ni laini zaidi, lakini macho ya watu ni yale yale.

Kuna jambo dogo la kweli ndani ya swali lako, hata hivyo. Familia hubadilika. Mwanzilishi alipenda muziki wa okestra, binti akapenda makumbusho, wajukuu wanataka mazingira na vijana. Nimeona mwelekeo wa wakfu ukigeuka katika mikutano 2 baada ya msiba mmoja. Kwa hiyo rafiki yako mpigie baada ya mwaka, umuulize wanafamilia siku hizi wanazungumza nini. Hilo halina ubaya.

Na nyongeza, kwa sababu barua yako ilikuwa na ukurasa wa pili ambao nadhani hukutaka niuchapishe wote. Unasema tamasha la mwaka jana mliahidi watu 400, mvua ikanyesha, wakaja 60, na ripoti imechelewa miezi 2 kwa sababu hamjui muandike nini. Bado kuna fedha ya siku ya pili ambayo haikufanyika, na mwenzako anapendekeza mnunue nayo spika.

Msinunue spika. Fedha ile ina lebo ya siku ya pili, na kuihamisha bila barua ni kosa hata kama spika mnazihitaji kweli. Mwandikie afisa wiki hii, ukurasa mmoja, umwombe ruhusa ya kuibadilisha matumizi au kuirudisha. Ripoti niliyoikumbuka kuliko zote ilitoka kwa mwalimu wa densi aliyeandika kwamba onyesho lilivunjika kwa ugomvi wa wacheza densi wenyewe, akaeleza nani alisema nini na amebadilisha nini kwenye mazoezi. Tuliwapa ruzuku ya pili. Zile zilizosema "malengo yote yamefikiwa kwa asilimia 100" nilikuwa nazisoma mara mbili nikitafuta shimo.

Ukurasa wako usianze na salamu ndefu wala na hali ya hewa. Anza na ile namba, 60, na majina ya wale 60 kama mliwaandika mlangoni.